Mzee Hapimwi

Chama cha waokoaji wa kujitolea kilikuwa na kanuni kumi na nne zilizobandikwa ukutani, na moja isiyobandikwa popote, ambayo ndiyo pekee iliyofuatwa bila kukosa. Kanuni ya tatu ya ukutani ilisema kwamba kila mwokoaji, kabla ya msimu kuanza, ataogelea mita mia nne baharini, azunguke mapipa mawili ya rangi ya chungwa yaliyofungwa nanga, na arudi mchangani kwa muda usiozidi dakika tisa. Kanuni isiyobandikwa ilisema mzee hapimwi. Yaani mzee ataingia majini kama wenzake na atapigiwa filimbi kama wenzake, lakini akigusa pipa la pili tu, mshika saa anabonyeza, watu wanapiga makofi, na safari ya kurudi mchangani inabaki kuwa shauri lake na Mungu wake.

Jambo hilo waliliita heshima.

Mzee mwenyewe alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa kukaribia sitini, mwenye kifua alichokitanguliza kila alipopita penye watu na tumbo lililokuwa likikifuata kwa nyuma. Ufuoni kote aliitwa Kepteni. Alikuwa amewatoa watu majini kweli, hilo hakuna wa kumnyima, ila wa mwisho kati yao siku hizi alikuwa na watoto wanaokaribia kuoa. Tangu hapo kazi ya Kepteni ilikuwa kukaa juu ya mnara na miwani ya jua, kuwapungia watu mkono na kupigwa picha. Kila mwaka alifaulu mtihani, na kila mwaka alirudi nyumbani akisema, "Vijana wa leo hawana mapafu."

Bintiye naye alikuwa mwokoaji kwa mwaka wa nane. Siku za kazi aliuza dawa katika duka la dawa la karibu na stendi, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuhesabu vidonge bila kukosea, mshika saa wa zamani alipohamia mji mwingine, chama kilimkabidhi saa yeye. Hakuna aliyefikiria mara mbili. Walidhani mtoto wa mzee atakuwa mlinzi mzuri zaidi wa heshima ya mzee.

Siku mbili kabla ya mtihani, Mwenyekiti wa chama alimfuata dukani. Mwenyekiti alikuwa muuza samani, na tangu achaguliwe maji ya bahari hayajawahi kumpita magoti. Alijifanya amekuja kununua dawa ya kiungulia.

"Mwanangu, utaratibu wa wazee unaujua, siyo?"

"Naujua. Ndiyo maana nataka kuuliza. Mtu akizama, Kepteni atamfikisha nusu ya njia halafu sisi tupige makofi?"

Mwenyekiti alicheka kama anayemcheka mtoto mdogo aliyetamka neno la aibu mbele ya wageni.

"Wewe una maneno! Sikiliza. Baba yako ndiye sura ya chama. Wafadhili wakija, wanamuuliza yeye. Picha kubwa pale ukutani ni yake. Leo tukimwambia mzee kaa pembeni, watu tutawaambia nini?"

"Kwamba amezeeka."

"Hayo sasa ni matusi," alisema Mwenyekiti. Kisha akaomba apunguziwe bei ya vidonge, kwa sababu ni mtu wa karibu.

Jioni ile nyumbani baba alikuwa sebuleni, amevaa bukta, akirusha mikono hewani kufanya mazoezi. Mama, ambaye alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate na alikuwa amerudi na unga kwenye nyusi, alimtazama kwa muda kutoka mlango wa jikoni.

"Baba watoto, unafukuza nzi?"

"Ninafungua mabega."

"Fungua, fungua. Asubuhi ulikuwa unafunga kamba za viatu ukapumzika katikati."

Baba akajidai hakusikia. Mama akamvuta binti jikoni, akarudisha mlango.

"Niambie ukweli. Mwaka jana baba yako aliogelea kwa dakika ngapi?"

"Kwenye karatasi, nane na nusu."

"Sikukuuliza karatasi."

"Mama, hakuna anayejua. Saa huwa inazimwa kabla hajafika."

Mama akawa anakwangua unga kwenye kucha zake. Alikuwa ameishi na mwanamume yule miaka thelathini na mbili, na alimpenda, lakini macho yake yalikuwa yanaona. "Wanamvisha kilemba cha ukoka," akasema mwishowe, "na yeye anakwenda nacho mpaka kitandani. Sasa nisikilize. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku moja baba yako atamfuata mtu kule ndani na hatarudi. Saa iko mkononi mwako. Mimi sikufundishi."

Lakini alikuwa amekwisha kumfundisha.

Siku ya mtihani bahari ilikuwa tulivu, na waokoaji ishirini na watatu walisimama mchangani na kofia zao za njano na nyekundu. Baba alimjia binti akiwa amejipaka mafuta mwili mzima, akamshika bega.

"Mama," alimwambia, maana ndivyo alivyozoea kumwita, "leo mimi na wewe. Usinisahau kwenye pipa, eh?"

Alilisema kwa tabasamu, akamkonyeza. Hapo ndipo binti alipojua kwamba baba alikuwa anajua siku zote. Alikuwa amejipa moyo kwamba mzee anadanganywa, kumbe mzee alikuwa mshirika. Hasira tupu ikampanda.

Filimbi ikapigwa. Vijana wakaenda, wakarudi, wakalala mchangani wakihema na kutaniana. Kepteni alikuwa bado hajafika pipa la kwanza. Alipoligusa la pili, saa ilionyesha dakika tisa na sekunde kumi, maana yake hata kwa mahesabu ya heshima mzee alikuwa ameanguka, na kwamba mshika saa wa zamani alikuwa akifanya ukarimu mkubwa kuliko walivyojua. Makofi yakaanza. Mwenyekiti akamgeukia binti, akasubiri kidole kibonyeze.

Kidole hakikubonyeza.

Makofi yakapungua, yakawa ya mmoja mmoja, yakafa. Ishirini na wawili wote wakasimama kumtazama mzee akirudi, jambo ambalo kwa miaka mingi walikuwa wamejifunza kutolitazama. Aliogelea upande, akaogelea chali, akasimama kukohoa, akaanza tena. Alitoka majini kwa magoti na viganja, mdomo wazi, mate yakimning'inia kidevuni.

"Dakika kumi na tatu na sekunde arobaini," binti alisoma kwa sauti.

Baba aliinua uso uliojaa mchanga, akamtazama binti yake kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni na mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Mwenyekiti ndiye aliyeokoa, na huo ndio uokoaji pekee aliowahi kufanya. "Saa imeingia maji," alitangaza.

"Ni saa ya majini, Mwenyekiti. Imetengenezwa kuingia maji."

"Basi imeingia zaidi."

Kamati ikakaa palepale mchangani, dakika nne, wanaume watano wakiwa wamechuchumaa. Wakaamua kwamba saa ni mbovu. Wakaamua pia kwamba Kepteni, kwa kukadiria kwa macho ya watu wazima, alitumia dakika nane na sekunde hamsini. Hizo sekunde hamsini waliziweka ili karatasi ionekane ya kweli. Binti alikataa kutia sahihi, kwa hiyo Mwenyekiti akatia kwa niaba yake, akampiga binti begani na kumwambia hasira hasara.

Katika wale vijana wote, hata mmoja hakufungua mdomo. Walikuwa hodari wa kukabili mawimbi, lakini mbele ya kitambi cha mtu mzima waligeuka kondoo. Mmoja alimpitia binti wakati wa kufungasha na kumnong'oneza, "Umesema kweli, dada, lakini siyo mbele ya watu." Alipoulizwa basi ingesemwa wapi, akakumbuka kwamba ana haraka.

Baba hakumsemesha binti kwa siku kumi na moja. Walikula meza moja, na maneno yalipitia kwa mama kama barua kwa tarishi.

"Mwambie binti yako anisogezee chumvi."

"Chumvi iko mbele yako," mama alijibu.

"Mwambie nimeiona."

Binti alifikiria kuacha chama. Alikunja kofia yake akaiweka kwenye begi, akaitoa, akaiweka tena. Mwishowe alibaki kwa sababu moja tu ambayo hakumwambia mtu: mzee akiingia majini, awepo mtu karibu. Mwenyekiti, kwa busara zake za kuuza viti, akaona njia nzuri ya kuwapatanisha ni kuwapanga zamu moja, mnara mmoja, siku ya mapumziko ambayo mji mzima humwagika ufuoni.

Siku hiyo mchanga haukuonekana kwa watu. Baba alikaa juu ya mnara, binti chini, na kati yao ngazi yenye vipago saba na kimya kizito. Kama saa nane mchana binti aliona kichwa kimoja nje ya bendera za eneo salama la kuogelea, pale ambapo maji yalikuwa yametulia katikati ya mawimbi. Wageni hupapenda mahali kama hapo, wakidhani ni salama, kumbe ndiyo njia ya mkondo unaotoka kwenda kilindini. Alikuwa mwanamke mwenye nguo ya kuogelea ya bluu. Alikuwa anapiga mikono kwa utaratibu kuelekea ufuoni na kila dakika alizidi kuwa mbali.

"Yupo mmoja," binti aliita juu. "Naenda."

Ila baba alikwisha kushuka. Alikuwa ameshika boya la kuokolea, lile refu la mpira lenye mkanda wa begani, na watu walikuwa wanageuka, na simu zilikuwa zinainuliwa.

"Baba, niache mimi! Wewe piga filimbi!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha kwa siku kumi na moja, na mzee hakumjibu. Alikimbia na kifua chake mbele, watu wakampisha, wengine wakapiga vigelegele, akajitupa majini. Binti alipiga filimbi mara tatu kuita wenzake, akanyakua ubao wa kuokolea, akaingia nyuma yake.

Mkondo unamsaidia mtu kwenda. Hapo ndipo unapomdanganya. Kepteni alimfikia yule mwanamke haraka kuliko alivyowahi kuogelea kwa miaka ishirini, na alipofika, mwili ukamwambia basi. Msuli wa paja ukakaza. Binti, akipiga makasia kwa mikono juu ya ubao, aliona kwa macho yake kile ambacho hakuna karatasi ingekuja kukiandika: baba yake alimkumbatia mwanamke shingoni na kumpanda mabegani, kama anavyofanya kila anayezama. Wote wawili wakapotea. Walipoibuka, ni mwanamke aliyekuwa amemgeuza mzee chali, amepitisha boya chini ya makwapa yake, na anamshikilia kichwa juu ya maji.

"Huyu babu ana hali mbaya," mwanamke alisema binti alipofika. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. "Mchukue."

Binti alimvuta baba juu ya ubao. Alikuwa mzito, macho yamepinduka, na ubao ukazama nusu. "Shika hapa nyuma," alimwambia mwanamke, "shika huu mkanda, usiachie." Mwanamke akashika. Wimbi la kwanza likawapita. La pili likaupindua ubao, na binti alipoibuka alikuwa na kola ya fulana ya baba mkononi na mwanamke alikuwa hatua kumi nyuma yao.

"Mpeleke!" mwanamke alipiga kelele. "Mimi nitaelea!"

Kanuni ya tisa ya ukutani ilisema anayekaribia kufa ndiye wa kwanza. Anayekaribia kufa alikuwa mwokoaji. Binti aliinua mkono mmoja wima, ishara ya kwamba uje ubao mwingine, akaushikilia juu mpaka akahakikisha wameuona kule ufuoni. Aliwaona wakikimbia. Akashusha pumzi.

Walikimbia kweli. Walikuja sita, wakaingia maji ya kiuno, na wote sita walikuja kumpokea Kepteni. Mmoja alimshika kichwa, wawili mikono, wawili miguu, na wa sita alikuwa anaokota kofia ya Kepteni isichukuliwe na maji. Ubao wa pili ulikuwa bado umeegemea mnara.

"Mwanamke!" binti alipiga kelele. "Yuko mwanamke! Nani ameenda kwa mwanamke?"

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amedhani ni mwenzake.

Binti akageuza ubao akarudi peke yake, mikono ikiwa imeisha nguvu, akiita. Mahali pale palikuwa na maji yaliyotulia, mazuri kabisa ya kupigia picha. Walimpata baada ya nusu saa, upande wa majabali.

Ripoti ya chama ilikuwa na kurasa mbili, na ilisema kwamba marehemu aliogelea nje ya bendera, kwamba Kepteni alihatarisha maisha yake kumfuata, na kwamba alipofika marehemu alikuwa amekwisha kuzama. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti ya msiba mbele ya kamati. Binti alisimama akasema haikuwa hivyo, akaeleza ilivyokuwa, mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu yake mwenyewe. Kamati ilimsikiliza kwa upole mkubwa. Kisha ikaandika kwamba binti wa Kepteni amepatwa na mshtuko, na ikapendekeza apumzishwe zamu.

Baba alilala hospitali siku tatu, akarudi nyumbani na cheti cha ushujaa kabla hata hajapata nguvu ya kupanda ngazi. Kila jirani alimuuliza habari, naye akawajibu wote kwa maneno yaleyale: "Bahari haina huruma, ndugu yangu." Hakusema uongo hata mmoja. Alikuwa tu anaacha watu wamalizie wenyewe.

Jumamosi ya pili, alasiri, mlango ulibishwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, mikono yake imepauka kwa saruji, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyezoea kupiga pasi. Alivua viatu mlangoni ingawa mama alimwambia asijisumbue.

"Mimi ni mume wa yule dada aliyefariki baharini," alisema. "Nimekuja kumshukuru mzee."

Mama aliachia kitambaa alichokuwa nacho. Baba alikuwa kwenye kochi, mto mgongoni. Akajaribu kusimama, mgeni akamzuia kwa mikono miwili, kwa adabu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Walinipa ile karatasi, nikaisoma. Nikasema mtu mzima kama huyu, asiyemjua mke wangu wala mimi, amekubali kufa kwa ajili yake, nisipokuja nitakuwa mtu wa aina gani? Mimi kazi yangu ni kujenga. Sina kikubwa. Lakini kama kuna ukuta hapa unataka kupigwa lipu, au sakafu, mzee, niite. Sitachukua senti."

Mama alimtazama mumewe. Binti alimtazama baba yake, na kwa muda aliokuwa anangoja alimwombea, kwa moyo wake wote, kwamba afungue mdomo. Alimpa muda mrefu kuliko dakika tisa za chama, au hivyo ndivyo alivyohisi.

Baba akasafisha koo.

"Bahari haina huruma, ndugu yangu," alisema.

Mgeni akatikisa kichwa, akafuta jicho kwa kiganja.

"Alikuwa hai," binti alisema.

"Nini?"

"Mke wako. Nilipofika alikuwa hai. Baba alizidiwa, akamshika shingoni, mke wako akajinasua, akachukua boya akamvalisha baba yangu. Akaniambia nimpeleke yeye kwanza. Nikampeleka. Niliporudi sikumkuta." Hakuinamisha macho. "Hakuokolewa na mtu. Yeye ndiye aliyeokoa."

Mwashi alikaa hivyohivyo, mikono juu ya magoti. Alimtazama binti, kisha akamtazama mzee kwenye kochi, kuanzia miguu iliyofunikwa shuka mpaka mto wa mgongoni. Kwenye rafu nyuma yake cheti kilikuwa kimesimama ndani ya kioo.

"Alisema neno lingine?"

"Alisema ataelea."

"Ndiyo," mwashi alisema taratibu. "Alikuwa anajua kuelea. Mimi ndiye nisiyejua kuogelea." Akasimama. Alimshukuru mama kwa kumkaribisha, akamshukuru binti, na kwa mzee hakusema lolote, si kwa hasira, bali kama mtu anayepita mbele ya kiti kitupu. Walimsikia mlangoni akihangaika na viatu kwa muda mrefu.

Geti lilipojifunga, baba alimgeukia binti yake. Uso ulikuwa umemwiva, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini yalikuwa ya mtu anayejihurumia.

"Ungeniacha," alisema. "Ningemwambia mwenyewe."

Mama aliinama, akaokota kitambaa chake sakafuni, akakikung'uta.

"Lini?" akauliza.